Ashakum si Matusi: Kijidudu Kilichobadilishwa Jina Mara Tatu

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga waliotuachia methali hii hawakubagua kati ya maradhi ya kutajwa barazani na maradhi ya kunong'onwa. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao mizani ya mashairi na ngeli za nomino hutushughulisha mchana kutwa, aghalabu huyapa kisogo mambo ya tumbo. Katika makala haya, ashakum si matusi, nakusudia kuzungumzia kuhara, nguruwe na bakteria wa matumbo waliojisokota kama parafujo. Nimesadiki kuwa suala lao ni la istilahi kabla ya kuwa la dawa.

Wataalamu huwaita spirokaeta. Neno hili lilibuniwa na mwanasayansi Mjerumani, Christian Gottfried Ehrenberg, katika miaka ya 1830, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya msokoto na nywele ndefu. Kiswahili si kigeni katika ukoo huu. Kaswende, buba na homa ya papasi, yote ni maradhi yaletwayo na spirokaeta. Tazama jinsi jina la mwisho lilivyo na hekima: linamtaja mdudu aenezaye homa yenyewe, hivi kwamba anayelisikia huanza kuzikagua nyufa za ukuta wake.

Wale wa matumboni hawakubahatika hivyo. Mwaka 1921, watafiti wa Indiana, Marekani, walieleza ugonjwa wa nguruwe kuhara damu na kamasi. Chanzo chake hakikubainika hadi 1971 na 1972, kwa uchunguzi uliofanywa Uingereza na Marekani. Kijidudu kilichopatikana kiliitwa Treponema hyodysenteriae, kikawekwa jamii moja na kile cha kaswende. Mwaka 1991 kilihamishiwa jina la Serpula. Ikagunduliwa kwamba jina hilo lilikuwa tayari ni mali ya kuvu. Mwaka 1992 kikaitwa Serpulina, na tangu 1997 kinaitwa Brachyspira, yaani msokoto mfupi. Waama, hata Kilatini cha maabara hutapatapa!

Kijidudu hicho kina ndugu. Brachyspira aalborgi, aliyeelezwa mwaka 1982 na kupewa jina la mji wa Aalborg, Denmark, hupatikana katika utumbo wa binadamu. Brachyspira pilosicoli hana ubaguzi: huishi ndani ya nguruwe, kuku, mbwa na watu. Jina lake huashiria utumbo wenye nywele, kwa kuwa bakteria hawa hujichomeka kwa ncha moja katika ukuta wa utumbo, maelfu kwa maelfu, hata ukuta ukaonekana kama umeota manyoya. Wamepatikana kwa wingi miongoni mwa wanavijiji wa nyanda za juu za Papua New Guinea. Wengi walio nao hawahisi lolote. Wengine huumwa na tumbo na kuhara. Na kwa wagonjwa mahututi, bakteria hao wamewahi kupatikana hata ndani ya damu.

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa isimu na fasihi? Kijijini kwetu, katika Bonde la Ufa, wamekusanyika watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya banda la nguruwe. Nguruwe wa shangazi yangu walipoanza kuhara damu, majirani walileta majina matatu: kipindupindu, minyoo na homa ya nguruwe. Mmoja alimshauri awauze wote kabla ya jua kutua. Daktari wa mifugo alichukua kinyesi kwa uchunguzi, na baadaye akaandika karatasini maneno mawili ya Kilatini. Shangazi alinikabidhi karatasi ile.

"Mwanangu, wewe unasomea Kiswahili chuo kikuu," akasema. "Hebu niambie hapa wameandika nini kwa lugha ya watu."

Nilimwonyesha parafujo ya bawaba ya mlango wa banda, nikamwambia kuwa kijidudu chenyewe kina umbo kama lile, na kwamba hii si homa ya nguruwe.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Mwaka ule ule wa 1921, Montgomery alichapisha maelezo ya kwanza ya homa ya nguruwe ya Kiafrika, kutokana na mikasa ya hapa Kenya. Homa hiyo huletwa na virusi, nayo pia huweza kuleta kuhara damu. Haina tiba, anayewauza nguruwe wake kwa hofu huusambaza msiba. Kuhara kwa Brachyspira kuna dawa, mathalani tiamulini, lakini dawa bila usafi ni kazi bure: panya hukihifadhi kijidudu, na katika baridi ya nyuzi 10, kile cha nguruwe kimeweza kuishi siku 112 ndani ya kinyesi, naye pilosicoli siku 210 katika udongo uliochanganyika na kinyesi. Anayetumia dawa yoyote aipatayo dukani huwafunza bakteria usugu. Kwa hiyo, maneno "kuhara damu" yanapobeba maradhi yote haya, mfugaji hana njia ya kujua kama atibu au aripoti na kufunga banda.

Napendekeza, basi, tuwaite "bakteria parafujo," na ugonjwa wao tuuite "kuhara kwa parafujo," ili utengane na homa ya nguruwe. Najua watetezi wa utohozi watalipendelea neno spirokaeta, kwa hoja kwamba linatuunganisha na ulimwengu wa sayansi. Sina ugomvi nao. Neno hilo na libaki katika vitabu vya biolojia. Lakini fundi, mwanafunzi na mfugaji wote wameishika parafujo mkononi. Istilahi inayoanzia mkononi hufika bandani mapema kuliko inayoanzia kamusini.

Wasomi wenzangu, tumeandika tasnifu nyingi kuhusu istilahi za isimu na za kompyuta. Zile za kinyesi zinangoja nani?