D-AP5: Shajara ya Februari

Jumatatu, 3 Februari 2025, Bristol

Leo kipande kimekubali. Ni kipande cha hipokampasi, sehemu ya ubongo, ya panya, unene wake mikromita 400, kimelala ndani ya maji ya chumvi yanayopuliziwa oksijeni. Nilikisisimua kwa umeme mdogo, nikatulia, nikasisimua tena, mpaka majibu yake yakawa sawasawa na mstari kwenye skrini ukanyooka. Ndipo nikafungua bomba la dawa ya D-AP5, mikromola 50.

Hakuna kilichobadilika. Nataka hilo niliandike kabla sijalala, maana asiyeijua kazi hii angedhani dawa imechacha. Seli ziliendelea kupokezana ishara kama kawaida. Nikapiga mfululizo wa haraka, mipigo 100 ndani ya sekunde moja. Kipande kisicho na dawa kikipigwa hivyo, sinapsi zake, yaani viungo kati ya seli, huimarika na hubaki na nguvu hiyo kwa saa nyingi. Hapa jibu lilipanda, likayumba, na baada ya muda mfupi likarudi palepale lilipotoka.

Nikaosha dawa kwa maji safi. Nikasubiri sana, maana kuharakisha hapa ni kujidanganya. Nikapiga mfululizo uleule. Safari hii jibu lilipanda na likabaki juu hadi nilipofunga mitambo. Kipande kilekile, elektrodi zilezile, jioni ileile. Dawa ikiingia, uimarishaji haupo, ikitoka, unarudi. Kwa kuwa dawa hii huondoka bila kuharibu kitu, kipande kinaweza kujishuhudia chenyewe, na hiyo ndiyo sababu naithamini kuliko nyingine zote kabatini.

Alhamisi, 6 Februari

Mwanafunzi mgeni aliniuliza inakuwaje dawa izibe vipokezi vya glutameti na mazungumzo ya seli yasikatike. Nilimchorea ubaoni, na hapa naandika kwa utulivu zaidi.

Glutameti ndiyo mjumbe mkuu wa kusisimua katika ubongo, lakini vipokezi vyake si vya aina moja. Vile vinavyoitwa AMPA hubeba kazi ya kila dakika: glutameti ikifika, hufunguka, sodiamu inaingia, ishara inapita. Vya NMDA vimekaa pembeni yao na mfereji wao umezibwa na ioni ya magnesiamu. Glutameti peke yake haitoshi kuuzibua. Lazima seli inayopokea iwe tayari imesisimka, ndipo magnesiamu isukumwe nje na kalsiamu iingie kuanzisha kazi ya kuimarisha. Ni kama kasha la kikundi cha akiba, VICOBA: hazina haifunguki mpaka wenye funguo wote wafike kwa wakati mmoja. D-AP5 hukaa kwenye kiti cha glutameti katika kipokezi cha NMDA tu, bila kugusa AMPA.

Habari ya magnesiamu ilijulikana mwaka 1984, kutoka Paris na kutoka Marekani, makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja peke yake. Mwaka mmoja kabla, Graham Collingridge na wenzake huko Vancouver walikuwa wameonyesha kwamba dawa hii huzuia uimarishaji usianze. Nilichokiona Jumatatu walikiona wao kwanza, bila kuujua bado mfereji ule unavyofanya kazi.

Nyuma yao kuna mkemia, Jeffrey Watkins, na kila nikipita jengo la tiba la chuo hapa Bristol namfikiria. Mwaka 1959 huko Canberra, yeye na David Curtis na John Phillis waliona glutameti inasisimua seli za uti wa mgongo, karibu kila waliyoijaribu. Kwa kuwa ilisisimua zote, ilikuwa vigumu kuamini kwamba ndiyo mjumbe. Watkins hakuiacha. Alitengeneza molekuli moja baada ya nyingine, hii ndefu kidogo, ile fupi kidogo, na hapa Bristol yeye na Richard Evans wakafika kwenye AP5. Ongeza kaboni moja upate AP6, nguvu inapungua sana. Ongeza nyingine upate AP7, nguvu inarejea. Halafu kuna umbo la D na umbo la L, mfano wa mtu na sura yake kwenye kioo: D huzuia, L karibu haifanyi lolote. Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi, na sisi sote tunakula matunda yake.

Jumapili, 9 Februari

Nimempigia dada Tanga. Yeye ni muuguzi wa nusukaputi. Baada ya shikamoo na habari za watoto, nilimweleza ninachofanya, akanikatiza:

"Mdogo wangu, hiyo si ndugu yake ketamini?"

Ni ndugu kweli. Mwaka 1983 David Lodge na wenzake London walionyesha kwamba ketamini nayo huvizuia vipokezi vya NMDA, ila yenyewe huingia ndani ya mfereji, haigombei kiti cha glutameti. Dada anaijua kwa mikono: mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, shinikizo la damu halianguki, na akizinduka hana habari ya kisu. Penye mashine chache na umeme wa kukatika, hiyo ni rehema. D-AP5 haiwezi kazi hiyo. Hupenya kwa shida sana kutoka damu kwenda ubongoni, hivyo kwa mnyama mzima hutiwa ubongoni moja kwa moja.

Jumanne, 18 Februari

Kwenye kikao cha leo mtu alisema D-AP5 "inafuta kumbukumbu". Nilipinga, na bado moto haujanitoka.

Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake waliwatia panya dawa hii ubongoni, wakawaweka kwenye bwawa la maji yaliyofanywa meupe, jukwaa limefichwa chini. Waliopewa mchanganyiko wa umbo la D na la L walishindwa kujifunza jukwaa liko wapi. Waliopewa umbo la L peke yake walijifunza. Matokeo makubwa yale. Ila wanyama waliokwisha kujifunza kabla ya dawa hawasahau njia. Kinachozuiwa ni kuandika, kusoma kunabaki. Na mwaka 1995 maabara mbili zilionyesha jambo linalostahili kutajwa kila mara: panya wakizoezwa kwanza kazi ya bwawa, baadaye wakiwa na dawa ya kuzuia vipokezi vya NMDA wanaweza kujifunza mahali papya. Kwa hiyo hata neno "inazuia kujifunza" ni pana mno.

Panya aliyetoa kipande changu ametoa uhai wake. Siwezi kumlipa kwa sentensi ya ovyo. Nitaandika nilichokiona: D-AP5, mikromola 50, ilizuia sinapsi hizi zisiimarike.

Kesho nitaweka elektrodi mbili kwenye njia mbili za kipande kimoja. Ya kwanza nitaiimarisha kabla ya dawa, ya pili nitaipiga dawa ikiwa ndani. Ile ya kwanza ikibaki juu muda wote dawa inapopita, nitapeleka mchoro huo kwenye kikao kijacho.