Mapenzi Ndani ya Michezo ya Video: Watoto Wetu Wanasoma Nini?



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, leo tungependa kuzungumzia jambo ambalo wazazi wengi wa hapa Nyakarenzo huliuliza nusu nusu, kisha hulikatiza kwa kusema, "Hiyo michezo ni upuuzi tu." Tunakusudia michezo ya video, ile ambayo vijana wanaiita gemu. Hatukuja kutoa fatwa ya kucheza au kutocheza. Masheikh wamekwisha kulieleza hilo: kisizuie Swala, kisipoteze mali, kisiwe na machafu wala kamari. Tunachotaka kuangalia ni kitu kingine. Michezo mingi ya siku hizi ni hadithi ndefu, yenye mume na mke, mzazi na mtoto, kifo na kisasi. Hadithi hufundisha. Sasa, inawafundisha nini watoto wetu kuhusu mapenzi?

Kwanza tufahamu jinsi watoto wetu wanavyoipata michezo hii. Mashine zake ni ghali, na nyumba zenye nazo katika vilima vyetu zinahesabika. Wengi huwatazama wengine wakicheza, ama katika kibanda cha gemu wakiteremka Kamembe, ama kwenye simu, kwa kuwa wapo wachezaji wanaorekodi mchezo mzima tangu mwanzo hadi mwisho na kuuweka YouTube. Maneno yake ni ya Kiingereza cha haraka, na mtoto wa kwetu anaokota moja, anaacha matatu. Basi anasoma kwa macho. Anaangalia kinyago, kisu, ndege, kidole kilichokatika, mkono unaoshika mkono, kisha anajitungia maana. Ndiyo maana tunasema alama ndani ya michezo si jambo dogo. Kwa mtoto wetu, alama ndiyo maneno yenyewe.

Mfano wa Bayek na Aya

Tutoe mfano wa mchezo ambao vijana wanaufahamu. Unaitwa Assassin's Creed Origins, ulitolewa na kampuni ya Ubisoft mwezi Oktoba 2017. Hadithi yake ni ya Misri ya kale, zama za Cleopatra na Julius Caesar. Mhusika mkuu ni Bayek wa Siwa, mlinzi wa watu wake, na mkewe anaitwa Aya. Sauti ya Bayek ni ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya.

Tahadhari kabla hatujaendelea: mchezo huu huko Ulaya umewekewa alama ya miaka 18. Una damu nyingi, na una faragha ya mume na mke. Si wa watoto, na mzazi asitumie makala haya kama kibali. Lakini vijana wetu wakubwa wamekwisha kuuona, na kunyamaza kwetu hakutafuta walichokiona.

Bayek na Aya ni mume na mke wanaopendana kikwelikweli. Walikuwa na mtoto wa kiume, Khemu. Watu waliovaa vinyago walimkamata Bayek pamoja na mwanawe, na katika purukushani kisu kilichokuwa mkononi mwa Bayek mwenyewe kikamuua mtoto. Tangu hapo wazazi hawa wanawasaka wale wenye vinyago, mmoja baada ya mwingine. Wanatengana, wanakutana, wanakumbatiana, wanatengana tena. Mwisho wa hadithi maadui wakuu wameuawa, lakini ndoa nayo imekwisha. Aya anashika njia ya Roma na kujiita jina jingine, Amunet. Bayek anabaki Misri.

Humo ndani mna alama ambazo mtu mwenye kuzingatia hazimpiti. Aya anampa mumewe kisu kinachofichwa mkononi, kiwe silaha ya kisasi. Bayek anapokitumia kumuua adui mmoja katika nyumba ya kuogea, kisu kile kinamkata yeye mwenyewe, kinaondoka na kidole cha pete. Zipo pia duara za mawe 12 jangwani. Bayek anazifikia moja moja, anapanga nyota, na kila mara anakumbuka maneno aliyozungumza na mwanawe pale. Na siku ya kuagana, lile fuvu la tai ambalo Bayek alikuwa akilivaa kwa ajili ya Khemu linaanguka mchangani. Umbo lililobaki katika mchanga likawa nembo ya kundi lao.

Swali la mwanafunzi wetu

Jioni moja baada ya darasa, mwanafunzi wetu wa miaka 15 alibaki nyuma akatuuliza, "Ustadhi, kama Bayek na Aya walikuwa wanapendana, mbona waliachana?"

Tukamjibu, "Mwanangu, hawakuachana kwa kukosa mapenzi. Walipatwa na msiba, na kila mmoja akaukabidhi msiba wake kwa kisasi. Kisasi hakikubakisha nafasi ya nyumba."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ni kwa sababu ya mtoto."

Ndugu wasomaji, kijana huyu analelewa na bibi yake. Baba yake ana nyumba yake, na mama yake ana nyumba yake. Hapo tukafahamu kwamba hatuzungumzii tena Misri ya kale. Tukamwambia kwa kituo, "Hapana. Khemu hakumwachanisha mtu. Mtoto hawi sababu ya wakubwa wake kuachana. Wao ndio walioamua, kwa njia waliyoichagua baada ya msiba." Akatikisa kichwa, akachukua msahafu wake, akaenda zake. Wiki iliyofuata alikuja na swali jingine, na kwetu hilo lilikuwa jambo la kushukuru.

Tunawasimulia haya kwa sababu moja. Mtoto hasomi hadithi akiwa mtupu. Anaisoma na nyumba yake kichwani. Mzazi anayesema "ni upuuzi tu" hufunga mlango ambao mtoto alikuwa ameshaugonga.

Alama si kila tunachotaka

Hata hivyo, kufasiri kuna adabu zake. Vijana wengine huona kidole cha pete kimekatika, wakasema moja kwa moja, "Hii ni ishara kwamba ndoa imekatwa na kisasi." Ni maana nzuri, na hadithi inaikubali, hasa tukikumbuka kuwa kisu kilitoka kwa mke. Lakini lazima tujue pia kwamba mchezo wa kwanza wa mfululizo huu, uliotoka mwaka 2007, ulikwisha kumwonesha mhusika wake Altaïr bila kidole hicho, na watungaji wa baadaye walitaka kueleza desturi ile ilianzia wapi. Kwa hiyo alama ina historia yake kabla ya ndoa ya Bayek. Msomaji mwaminifu husema, "Hiki kimo ndani ya hadithi, na hiki ndicho tunachokielewa sisi." Haya ni yale yale tunayofundishwa madrasa: kauli ya mwenye kitabu iwe mbali na maelezo ya mwenye kusoma.

Tena alama moja hubeba maana mbili. Chukueni kinyago. Kwa Bayek, kinyago ni uso wa muuaji anayejificha. Sasa tazameni mchezo mwingine, Tales of Kenzera: Zau, uliotoka Aprili 2024. Umetengenezwa na Surgent Studios, studio iliyoanzishwa na huyo huyo Abubakar Salim, naye aliutunga kutokana na huzuni ya kufiwa na baba yake. Na kwetu kuna jambo la kufurahisha: unaweza kuuchezea kwa sauti za Kiswahili. Kijana Zuberi amefiwa na baba yake, akaachiwa kitabu ambacho baba alikiandika. Ndani ya kitabu yumo Zau, naye amefiwa na baba, na ana vinyago viwili vya urithi, cha jua na cha mwezi. Hapa kinyago si cha kuficha uso wa muovu. Ni mkono wa mzazi uliobaki kwa mtoto. Kitu ni kile kile, maana imegeuka.

Katika mchezo huo Zau anafanya mapatano na Kalunga, anayeitwa mungu wa mauti, ili baba yake arudishwe. Mtoto wa Kiislamu aambiwe wazi, bila kuzungukazunguka: hakuna mungu wa mauti. Mola ni mmoja, na Malaika wa mauti ni mja anayetekeleza amri. Kalunga ni jina la zamani katika lugha za Kibantu za upande wa Kongo na Angola, na hapa limetumika kama taswira. Akishalijua hilo, mtoto anaweza kuona kiini cha hadithi: yatima anayetaka kumrudisha mzazi wake. Nani kati yetu hamjui yatima kama huyo? Nasi tuna cha kumpa. Dini yetu imemfundisha kwamba mzazi hurudishwi, lakini dua ya mtoto mwema humfikia. Zau alitaka mapatano. Mtoto wetu ana kazi ya kufanya kila baada ya Swala.

Mapenzi yanayotembea pamoja

Watu wengi hudhani mapenzi katika michezo hii ni mvulana kumfuata msichana aliyetekwa. Ipo mingi ya namna hiyo. Lakini mwaka 2016 studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa mchezo uitwao Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Mhusika wake ni Enzo, mwanamfalme aliyepinduliwa siku ile ile ya kutawazwa na ya harusi yake. Aliyempindua ni Ngarba, kaka wa mkewe. Mkewe, Erine, hakubaki kwa kaka yake kula raha. Aliondoka na mumewe uhamishoni, na safari yote wanaifanya wakiwa wawili.

Tukiwaweka karibu Erine na Aya, kijana anaona tofauti bila kuhubiriwa. Nyumba zote mbili zilipatwa na balaa, na zote mbili zilikuwa na mapenzi. Enzo na Erine walibeba balaa yao pamoja, njia moja. Bayek na Aya waliligawa balaa lao, kila mtu na pande lake. Hilo ndilo tunalotaka vijana walishike: mapenzi hayapimwi kwa kukumbatiana kunakooneshwa kwenye kioo, hupimwa kwa jinsi wawili wanavyobeba mzigo.

Wala sisi hatukuanza kuyajua haya kwa michezo. Nabii Yaaqub (A.S) alimlilia Yusuf mpaka macho yakapofuka, lakini malalamiko yake aliyapeleka kwa Allah, hakuyapeleka kwa upanga. Na Mtume wetu (S.A.W), miaka mingi baada ya Bibi Khadija (R.A) kufariki, alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama marafiki zake Khadija. Tunawauliza wazazi: ni lini mara ya mwisho tulimsimulia mtoto habari hiyo ya nyama? Tunapowafundisha ndoa tunafundisha mahari, eda na talaka. Mapenzi yenyewe tunaona haya kuyataja, kisha tunashangaa mtoto akienda kuyatafuta kwenye simu.

Nasaha zetu

Kwa wazazi: angalieni alama ya umri kabla ya jambo lolote. Mchezo wa miaka 18 usiingie mikononi mwa mtoto. Kwa yule Bayek, Ubisoft walitoa mwaka 2018 sehemu ya kutembelea Misri ya kale kwa ajili ya masomo tu, isiyo na mapigano. Anayependa historia aelekezwe huko.

Kwa familia: siku moja katika wiki kaeni na kijana akusimulieni hadithi aliyoiona. Msimkatize. Akimaliza muulizeni maswali matatu. Nani alimpenda nani, na ulijuaje? Msiba ulipokuja, kila mmoja alifanya nini? Wewe ungekuwa yeye, ungefanya nini ambacho Allah atakiridhia? Swali la tatu ndilo lenye kazi, ila halijibiwi vizuri kama mawili ya kwanza yamerukwa.

Kwa wanafunzi: msione haya kuuliza. Na msichukue ndoa ya kwenye kioo kuwa kipimo cha ndoa ya nyumbani kwenu, kwa uzuri wala kwa ubaya. Mtungaji anajua mwisho wa hadithi yake. Wazazi wenu wanaishi siku moja moja, nao wanahitaji dua zenu.

Tunamuomba Allah azilinde nyumba zetu, awape subira waliofiwa, awaunganishe waliotengana katika lenye kheri, na awajaalie watoto wetu macho ya kuona na nyoyo za kuzingatia. Aamiyn.

Wabillahi tawfiq.