Mzee Majuto alivyotugombanisha kwa heri

Usiku wa Nane Nane mwaka 2018 tulikuwa nyumbani Inyonga, mimi na mume wangu, tunakunywa chai kwa mkate na asali ya hukuhuku. Mara simu zikaanza kulia: Mzee Majuto amefariki Muhimbili. Nikalia kama niliyefiwa na babu.

Mpenzi msomaji, usinicheke. Tulipohamia huku kikazi hatukumjua mtu. Jioni zetu zilikuwa CD za Majuto tu: mzee bahili, mzee mbishi, mzee anayemtoa jasho Sharo Milionea. Hata tukiwa tumenuniana, akitokea yeye tunajikuta tunacheka pamoja. Sharo alitutoka Novemba 2012 kwa ajali ya gari kule Muheza. Mzee akaendelea kutuchekesha.

Jina lake halisi ni Amri Athumani, mtoto wa Tanga, mzaliwa wa 1948. Alianza kuigiza 1958, angali mtoto. Piga hesabu: miaka 60! Lakini alipougua, watu walichanga ili atibiwe, akapelekwa hadi India. Mikataba yake ya kazi ikawa gumzo la nchi nzima, mpaka Serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii.

"Kazi yote ile, halafu mpaka achangiwe?" mume wangu akasikitika.

Nikajikuta nimeropoka: "Na mimi je, baba watoto? Kiwanja tumenunua kwa hela zetu wote. Jina langu liko wapi?"

Kimya. Akasema simwamini. Nikamwambia nampenda sana, ila Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia mali iliyo kwa jina la mmoja kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nani atanithibitishia siku akiwa hayupo?

Siku mbili tulilala tumepeana migongo. Ya tatu akatoa karatasi za kiwanja mwenyewe. "Twende," akasema. Tukaenda, jina langu likaandikwa pembeni ya lake.

Dada, kaka, kama kuna kitu mmechuma pamoja, ulizaneni leo, wakati bado mnacheka. Usisubiri kitanda cha hospitali.

Sisi muvi za mzee bado tunaangalia. Kila akitokea, mume wangu hunikonyeza: "Bosi, umeshasaini?"