Shabiki wa Simba Mwenye Macho ya Yanga

Barua ya kliniki imefika juzi hapa Leeds. Mtoto wetu alipofikisha siku tano mkunga alikuja nyumbani, akamtoboa kisigino, akadondosha damu kwenye kadi na kwenda zake. Sikulipa, wala hakuna aliyeniuliza namjua nani pale hospitali. Majibu ndiyo haya: binti yetu amebeba kinasaba kimoja cha sikoseli. Si mgonjwa na hatakuwa mgonjwa. Mama yake alipimwa akiwa mjamzito, hana. Mtu wa Iringa huyo, kwenye baridi ambako hata mbu hukata tamaa. Basi kimetoka kwangu, mtoto wa Mwanza. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alishaonyesha mwaka 1954 kwa nini kinasaba hiki kimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria: ukirithi kimoja, malaria haikuui kirahisi. Ukirithi viwili, unaumwa maisha yako yote.

Rafiki yangu alirithi viwili.

Macho yake yalikuwa ya njano, nasi watoto wa Mabatini, kwa ukatili wetu, tukamwita Yanga. Alichukia kuliko mnavyodhani, maana kwao ni Simba kuanzia babu. Mwaka 1993 Simba ilipofungwa na Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF, alilala ndani siku kadhaa. Mtaa mzima ukamcheka kwamba analilia timu. Kumbe ilikuwa mifupa.

Kukimbia hakuweza, na maji ya ziwa yakimpata jioni, usiku ni kilio. Basi alikaa juu ya jabali akilinda nguo zetu, na tukicheza mpira alitangaza mechi kwa sauti ya Ahmed Jongo wa Radio Tanzania, mpaka kelele za mashabiki alizitoa mwenyewe kooni. Ukimuudhi, anakunyima bao: umefunga, lakini mtangazaji hakuliona. Tulikuwa tunampa miwa ili atuone. Sijapata kumsikia hapa Uingereza mtangazaji wa kufikia nusu yake, pamoja na kamera zao zote.

Shuleni alichapwa kwa kukosa mchakamchaka. Mwalimu wa zamu alimwita mvivu, jirani akasema karogwa, shangazi mmoja akaleta dawa ya kuoga. Wote walimpenda, hilo silikatai. Mama yake akilala naye wodini, sisi tulikula kwa jirani pamoja na wadogo zake, na hakuna aliyehesabu sahani. Alifariki mwaka 1999, tukiwa kidato cha pili. Mwaka mmoja kabla, Marekani walikuwa wameshaidhinisha haidroksiyurea kwa wagonjwa kama yeye. Hiyo basi, ilikuwa mbali. Lakini penisilini? Tangu 1986 ilijulikana kwamba mtoto mwenye sikoseli akinywa penisilini kila siku tangu uchangani, anaepushwa na maambukizi yanayowaua wengi kabla ya miaka mitano. Penisilini ilikuwa inauzwa duka la dawa lililo mita chache kutoka kwao.

Msinielewe vibaya, siwasujudii Waingereza. Kupima wanajua. Mgonjwa akishakuwa mtu mzima, akafika mapokezi usiku anagaagaa na kuomba mofini, wanaanza kumtazama kama mla unga. Wabunge wao wenyewe waliliandika hilo katika ripoti ya mwaka 2021.

Ila hasira yangu iko nyumbani, maana huko ndiko ninakochangia. Kamati ya harusi ya mpwa wangu imenitumia kadi, na kiwango changu kimeshapangwa, eti mimi niko Ulaya. Wameshakubaliana idadi ya ng'ombe wa mahari, rangi ya vitenge, na nani atakaa meza ya mbele. Kanisani wamedai cheti cha UKIMWI, vizuri. Sikoseli hakuna aliyeitaja, kwenye mkoa ambao hata dereva wa daladala ana ndugu anayeumwa. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mchango wangu utatoka nikiona majibu ya damu ya bwana na bibi harusi.

Ohoo! Mwenyekiti wa kamati akasema nimeleta mambo ya kizungu. Mjomba, ambaye huandika kwa herufi kubwa tupu, akauliza kama nataka kuvunja ndoa ya watu. Shangazi akatuma sauti ya dakika nne, nimesikiliza mbili. Hakuna anayekumbuka kwamba Yanga alikuwa mtoto wa dada wa huyo huyo mwenyekiti.

Usiku mpwa wangu akanitafuta pembeni: anko, hicho kipimo wanafanyia wapi, na kinachukua siku ngapi? Nimemwambia wapande wote wawili Hospitali ya Bugando Jumatatu asubuhi. Hela ya kipimo nimeituma kwa simu. Ya kamati bado ninayo.