Nani Anabapimiaka?

Kasulo wanamwita Karani, na jina hilo alilipata kwa sababu ya daftari. Ni daftari la shule lenye mistari ya bluu. Jalada lake limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kurasa za mwanzo zimenywa vumbi jekundu ambalo halitoki hata zikipanguswa. Ndani mna tarehe, idadi ya mifuko na kilo, halafu safu mbili zimekaa bega kwa bega: moja ameiandika "Wao", nyingine "Sisi".

Safu hizo zilianza 2014. Mwaka huo mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi nchini Kongo, ulipinduka chini juu baada ya mtu kuchimba uani kwake na kukuta heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Haukupita muda, mashimo yakawa sebuleni na jikoni, watu wakilala juu ya kamba na taa za wachimbaji. Kundi la vijana wanane waliokuwa wakichimba kwa jirani lilimwomba Karani asishuke shimoni. Alikuwa amemaliza sekondari na hana kazi. Kazi waliyompa ilikuwa kufuatana na mifuko hadi depo ya wanunuzi, asimame pale, atazame mizani.

Kutazama kwenyewe kulikuwa shida. Katika depo ile mizani ilikaa nyuma ya wavu wa chuma, uso wake umemwelekea mnunuzi. Baada ya kilo ilikuja zamu ya Metorex, kifaa kilichofanana na bastola, kinachoelekezwa kwenye jiwe na kusoma asilimia ya madini. Kioo chake nacho kilimtazama mnunuzi. Mnunuzi alitamka namba, mchimbaji akaipokea kama anavyopokea hali ya hewa. Asubuhi moja Karani alifika na mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo 50 zimechapwa juu yake, akaomba upimwe kwanza kabla ya mali yao. Mizani ilisoma 41. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, kila mmoja akipiga hesabu ya mifuko aliyokwisha kuuza.

"Banatupimia bo benyewe," mzee mmoja alisema kwa Kiswahili cha huku kwetu. "Na bo, nani anabapimiaka?"

Wanatupimia wao wenyewe. Na wao, nani huwapimia? Karani aliliandika swali hilo ndani ya jalada. Wakati ule lilikuwa swali la depo. Ilichukua miaka kadhaa lihamie bungeni, na namna lilivyohama ndiyo kumbukumbu anayopenda kuisimulia kuliko zote.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Katika sanduku la bati chini ya kitanda alihifadhi karatasi zake za mshahara za miaka ya themanini, zimekunjwa mara nne, na jioni nyingine alizikunjua na kumfundishia mwanawe hesabu: huu ni mshahara wa msingi, hizi ni saa za ziada, hapa wamekata hiki, hapa kile, na chini kabisa ndicho kilichobaki. Mwaka 2003, alipokuwa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, zile karatasi ndizo alizozibeba kwanza.

Huyo baba ndiye aliyemsimulia pia juu ya bunge la zama za Mobutu, ambalo wajumbe wake waliitwa makomishna wa watu. Mwaka 1980 wajumbe 13 walimwandikia Rais barua ndefu ya wazi kuulaumu utawala wake, wakalipa kwa kufungwa na kufukuzwa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Katanga, Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Kwa hiyo Kyungu alipokuja kuwa spika wa bunge la jimbo la Katanga mwaka 2007, mzee alifurahi kwa dhati. Aliamini mtu aliyewahi kumwambia Mobutu kweli usoni hatashindwa kusimamia nyumba yake mwenyewe.

Lakini bunge lile lilikuwa Lubumbashi, kilomita zipatazo 300. Kasulo ililiona wakati wa kampeni tu. Karani anakumbuka uchaguzi wa 2006: kofia, vitambaa, mifuko ya chumvi, na wagombea ambao baada ya kushinda waliitwa "Onorable" hata na mama zao. Hakuna aliyeuliza bunge linatumia kiasi gani. Swali la siku zile lilikuwa moja: Onorable ametuletea nini? Karani mwenyewe alipata kofia, akaivaa mpaka ikachakaa, na halaumu mtu kwa hilo. Watu waliotoka vitani na katika njaa ya miaka ya tisini walikuwa na haki ya kupokea kofia.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne, Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Bunge likasogea mpaka mtu wa Kasulo aweze kulifikia kwa pikipiki. Halafu tarehe 9 Machi 2018 ikatiwa saini sheria iliyorekebisha Kanuni ya Madini, na hapo hesabu za Karani zikapanuka. Kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka ule, mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Sheria inaugawa mrabaha hivi: nusu serikali kuu, robo jimbo, asilimia 15 mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Aliichora kwenye daftari kama alivyofundishwa na baba yake. Katika kila dola 100 za kobalti, 10 ni mrabaha. Katika hizo 10, tano zinakwenda Kinshasa, mbili na nusu zinabaki jimboni, moja na nusu mahali penyewe, moja inawekewa watoto.

Zile mbili na nusu ndizo zilizomnyima usingizi. Zinaingia katika bajeti ya jimbo, bajeti inapitishwa na bunge la jimbo, na ndani ya bajeti hiyo hiyo limo fungu la bunge lenyewe. Anayekata nyama amepewa pia kisu cha kujikatia.

Kinshasa mambo ni hayo hayo kwa ukubwa zaidi. Ibara ya 100 ya Katiba ya 2006 inasema kila baraza la Bunge lina uhuru wa utawala na wa fedha, na lina fungu lake. Nia ni njema na inafaa itetewe: bunge linaloomba nauli kwa waziri haliwezi kumhoji waziri. Walioandika Katiba walikumbuka miaka ya Mobutu. Tatizo ni kwamba neno "uhuru" likikaa muda mrefu bila mtu wa kukagua, huanza kusomwa kama "faragha". Fedha za Baraza la Wawakilishi ziko chini ya ofisi ya watu saba, na kati yao yumo kesta, anayeshika mfuko. Kabla ya 2020 Karani hakuwahi kusikia neno kesta likitamkwa Kasulo. Leo analisikia kwenye vibanda vya chai.

Kilichobadilisha masikio ya watu kwanza ilikuwa redio, na habari yenyewe haikutoka Kongo. Mwanzoni mwa 2019, matangazo ya Kiswahili yalijaa kisa cha Tanzania: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, alikuwa amesema katika mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa kwamba kutofanyia kazi ripoti za ukaguzi ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akamwita ajieleze. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na Novemba mwaka ule akatoka madarakani. Wachimbaji walisikiliza kisa hicho wakiwa wamekaa juu ya mifuko yao. Kilichowashangaza hakikuwa ugomvi, maana ugomvi wa wakubwa wameuzoea. Walishangaa kwamba kuna nchi jirani ambamo mtu ameajiriwa kukagua hesabu za serikali kila mwaka, na Ofisi ya Bunge, Fungu 42, imo humo humo. Mmoja akakumbushia Kenya, ambako Katiba ya 2010 ilimwondolea mbunge kazi ya kujipangia mshahara na kuikabidhi tume iliyo nje ya Bunge. Wabunge walipokataa kiwango cha tume hiyo Mei 2013, waandamanaji waliwapelekea nguruwe mlangoni.

Kisha moto ukafika nyumbani. Tarehe 10 Desemba 2020, Spika Jeanine Mabunda aliondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Katika mashtaka ya waliomwondoa, moja lilikuwa kwamba fedha za Baraza zinaendeshwa gizani. Vijana wa Kasulo walishangilia, na Karani naye alishangilia siku hiyo. Ilimchukua wiki chache kuona kilichomsumbua: ilikuwa vita ya kuvunja muungano wa Rais wa zamani Kabila na Rais Tshisekedi, na hesabu zilikuwa silaha mojawapo. Mama yule alipokwisha kuanguka, hakuna aliyekuja redioni kuisomea nchi kurasa zenyewe. Kiti kilipata mtu, daftari likafungwa tena.

Tangu siku hiyo amekuwa akiufuatilia mchezo huo kama anavyofuatilia mizani. Katikati ya 2021 wabunge 500 walianza kukabidhiwa magari ya Hyundai Palisade, zawadi ya Rais, na watu wakauliza mtu anayepokea gari atamkaguaje aliyempa. Septemba mwaka huo huo gavana wa Lualaba, Richard Muyej, aliitwa Kinshasa huku Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ukichunguza hesabu za jimbo, na makamu wake Fifi Masuka akakaimu. Kolwezi nzima ilizungumzia gavana. Karani alizungumzia bunge la jimbo, lile lililopitisha bajeti zote za miaka ile, na watu walimwona kama mtu anayeanzisha kesi nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha.

Mwishoni mwa 2022 mwanasiasa wa upinzani Martin Fayulu alitangaza kwamba mbunge wa taifa anapata dola 21,000 kwa mwezi. Ubishi uliofuata ulikuwa mkali, namba ikapingwa, nyingine zikatajwa. Kwa Karani, ubishi wenyewe ndio uliokuwa ushahidi. Katika nchi ambayo mrabaha wa kampuni za madini unachapishwa katika ripoti za ITIE, mpango wa uwazi wa mapato ya madini na mafuta, kampuni kwa kampuni, mapato ya mbunge mmoja yalikuwa yakikisiwa kama umri wa mti. Ibara ya 109 ya Katiba inasema posho yake iwekwe katika sheria ya fedha. Baba yake, mfanyakazi wa mgodi, alikuwa na karatasi iliyoonyesha hadi saa ya ziada.

Mwaka ule wa 2022 mahakimu wapya wa Mahakama ya Hesabu waliapishwa, na kwa mtazamo wa mwandishi hilo ni jambo kubwa kuliko kuanguka kwa spika yeyote, ingawa halikuchezewa ngoma mahali popote. Mahakama ya namna hiyo haingoji ugomvi. Kazi yake ni ile ya mfuko wa saruji: kupima kabla ya mali, na kupima tena kesho hata kama jana namba zilikubaliana. Vital Kamerhe alipojiuzulu uspika tarehe 22 Septemba 2025, kabla ya kupigiwa kura ya kumwondoa, vijana walimjia Karani na simu mkononi kumwonyesha habari. Aliisoma yote, akawarudishia simu, akawauliza kama imeandikwa mahali popote kwamba hesabu zitasomwa.

Haikuwa imeandikwa.

Binti yake anasoma sheria. Ni yeye aliyemwambia kwamba swali lililoandikwa kwenye jalada la daftari halimfikii mtu. Linatakiwa liwe barua. Waliiandika mezani usiku mmoja umeme ulipokatika, tochi ya simu imeegeshwa kwenye glasi. Waliomba ofisi inayohusika iwaonyeshe matumizi ya fungu la bunge la jimbo kwa mwaka mmoja tu, na mahali yalipokaguliwa. Walibishana kwa neno moja. Binti aliandika "tunaomba". Karani akataka "tunataka".

"Papa, ukiandika tunataka, watasema sisi ni wa chama fulani," binti alisema.

"Ukiandika tunaomba, watadhani ni chumvi."

Wakakubaliana juu ya "tunaomba kuona", na neno kuona akalipigia mstari kwa kalamu. Asubuhi alipeleka nakala mbili, kama kila mtu wa Kongo anavyojua kufanya, moja ya kuacha na moja ya kurudi nayo. Mapokezi walimwambia aache tu, ataitwa. Alikaa kwenye benchi. Saa tano na nusu, dada wa mapokezi aliinua muhuri, akaupuliza, akaugonga kwenye nakala yake na kuandika tarehe kwa mkono. Karani aliusoma muhuri pale pale akiwa amesimama, herufi kwa herufi, akahakikisha tarehe ni ya siku hiyo, kisha akaenda nyumbani kuitia ile karatasi katika sanduku la bati, juu ya karatasi za mshahara za baba yake.