Kiingilio Bure, Usingizi wa Jirani

Kimironko, Kigali

Kaka,

Spika zako hapo Mbagala zinaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea ulilalamika kwamba ile kubwa ya besi inakwaruza. Huku niliko, besi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nimepanga chumba Kimironko, upande wa mashariki wa Kigali, si mbali na soko. Soko hili ungelipenda. Mafundi cherehani wamekaa mstari na vitenge vyao, ukisogea kidogo unakutana na mapapai, parachichi, viazi na maharage ya kila rangi. Mfuko wa plastiki usiutafute, walishaupiga marufuku tangu 2008. Njoo na kikapu chako. Jua likizama mtaa unachangamka: mishikaki inageuzwa jikoni, pikipiki zinashusha na kupakia, na kila baa ina muziki wake. Lakini muda ukifika, umefika. Tangu tarehe 1 Septemba 2023, baa, kumbi na biashara za namna hiyo hufungwa saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Ngoma ya watoto haikeshi, walisema wahenga. Basi huku sote ni watoto.

Ndiyo maana niliposikia vijana wa hapa mtaani wanaandaa wikiendi ya muziki na mahema kando ya Ziwa Kivu, kiingilio bure, nilidhani wamepata njia ya kuukwepa usiku wa Kigali. Ni vijana wanaotengeneza muziki kwenye kompyuta ndogo za mapajani, wanachanganya amapiano, afro house na hata singeli yetu. Masharti yao yalikuwa machache: uje na hema, chakula chako, na viatu vya kufanyia kazi. Hilo la mwisho nililiona ni utani.

Tuliondoka Ijumaa. Kutoka Kimironko unapanda basi la mjini hadi Nyabugogo, unalipa kwa kugusisha kadi mlangoni, kisha unachukua basi la Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi. Barabara inapanda vilima na kushuka muda wote. Nyirangarama kila basi lazima lipumzike, watu wanunue mahindi ya kuchoma na kichupa cha Akabanga, ile pilipili ya mafuta ambayo tone moja tu linatosha sahani nzima. Nimekuwekea viwili. Ukipita Musanze baridi inakukumbusha milima ya volkano iko jirani, halafu njia inateremka, na ziwa linajifungua mbele yako, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Halina mamba wala kiboko, kwa hiyo watu wanaoga bila kutazama nyuma.

Kambi ilikuwa shambani kwa mzee mmoja upande wa Nyamyumba, migomba juu, maji chini. Ukienda huko unapita kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanza mwaka 1957. Chini kabisa ndani ya ziwa hili, ambalo kina chake kinakaribia mita 480, kumeyeyuka gesi ya methani nyingi mno, na miaka ya sitini kiwanda kile kilianza kuitumia kuchemshia bia. Siku hizi kuna mtambo wa KivuWatt kule Karongi, tangu 2016, unaifanya umeme. Sisi tukakaa juu ya utajiri wote huo na jenereta ya petroli. Fundi mitambo wao alicheka nilipomwambia.

Nilikitazama sana kiwanda kile kwa sababu nyingine. Kwa miaka mingi, muziki wa bure katika wilaya za Rwanda ulifuata bia. Kuanzia 2011 hadi 2018 Bralirwa, pamoja na East African Promoters, waliendesha shindano la Primus Guma Guma Super Star, jukwaa likizunguka nchi. Tom Close ndiye aliyeshinda la kwanza na Bruce Melodie la mwisho. Mwaka 2019 likaja tamasha la Iwacu Muzika, na 2024 jina la kampuni ya simu, MTN, likakaa mbele yake. Msichana wa Rubavu anasimama mbele ya msanii aliyezoea kumsikia redioni tu, bila kutoa faranga. Mwenye kulipa ni muuza bia au muuza vocha, naye anajua atakavyozirudisha. Sina ugomvi na hilo. Wewe mwenyewe unajua kwamba mwenye harusi ndiye anayelipa spika, na mtaa mzima unacheza.

Lakini hawa vijana wa Kimironko hawakuwa na bia wala vocha nyuma yao. Walichangishana petroli, spika waliazima. Nikajiuliza: hapa nani analipa?

Jibu nililipata Jumamosi asubuhi. Walikuwa wamechagua kwa makusudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Siku hiyo, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, nchi nzima inafanya kazi za pamoja. Maduka yanafungwa, magari yanapungua barabarani, na kila mtu wa miaka 18 hadi 65 anatarajiwa kutoka na jembe. Mwenyeji wetu alikuja kutuamsha kwenye mahema. Tukapanda naye mteremko hadi kwenye mtaro unaopitisha maji ya mvua juu ya nyumba za kijiji, uliokuwa umejaa udongo. Madijei wenye nywele za rangi wakakabidhiwa sepeto. Yule wa kupiga mwisho, ambaye mtaani kwetu anajulikana kwa kuchelewa kila mahali, alichimba karibu na bibi mmoja aliyekuwa akimsahihisha namna ya kushika mpini, mpaka mtaro ukaonekana.

Baada ya umuganda kuna mkutano wa kijiji, watu wanakaa majanini na mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, anasikiliza yaliyopo. Vibali vya wilaya na polisi vilikuwa vimeshapatikana, vingewatosha. Hata hivyo msichana aliyeongoza maandalizi alisimama, akaeleza: muziki utaanza saa kumi jioni, utashushwa saa nne usiku, utazimwa saa saba, na namba yake ya simu ni hii. Alianza kwa Kinyarwanda, akamalizia kwa Kiswahili, maana Rubavu imepakana na Goma na Kiswahili ni lugha ya soko na ya mpakani tangu zamani, kabla serikali haijakifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kama ile besi itatikisa mabati yake. Mvuvi akasema yeye hana neno na kelele za nchi kavu, ila maji yanabeba sauti, na usiku kule ziwani wanaitana boti kwa boti. Wasiposikizana nyavu zinaharibika. Wa tatu, mzee mmoja, akataka kujua takataka atazoa nani. Kila swali likajibiwa, na majibu mawili yalibadilisha mpango mzima wa jukwaa.

Hapa ndipo nilipokukumbuka wewe, kaka. Fundi mitambo alikuwa ameshapanga spika zitazame ziwa, kwa sababu ya picha nzuri. Akazigeuza zote zitazame mlimani, kwenye migomba. Akanieleza kwamba usiku hewa iliyo karibu na maji inapoa kuliko ya juu yake, basi sauti badala ya kupotea angani inapindwa na kurudi chini, inateleza juu ya maji na kufika mbali. Spika za besi akaziinua kutoka ardhini akaziweka juu ya magurudumu ya lori, zisitetemeshe udongo. Saa nne akazishusha kwa mkono wake, nami nilikuwa nyuma yake nikiangalia. Hakuna aliyelalamika. Waliotaka kurukaruka walisogea mbele, waliotaka kuongea walirudi kwenye moto.

Jioni ile, kabla muziki haujakolea, wavuvi walitoka. Wanafunga boti tatu pamoja kwa miti mirefu, na miti mingine imechongoka mbele na nyuma kushikilia wavu. Wanapiga makasia wakiimba, mmoja anaongoza wengine wanaitikia, na kila kiitikio kasia linaingia majini. Wanafuata sambaza, ambao wewe ungewaita dagaa, na hungekosea: walipandikizwa hapa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya hamsini. Dijei aliyekuwa zamu akazima muziki wake mpaka boti zikapita. Kisha akaanza upya kwa mapigo ya kasi ileile ya makasia, taratibu, akipandisha kidogo kidogo, na alipofika kwenye singeli wale wa Kigali walikuwa hoi. Nilicheza peke yangu nikiiwakilisha Mbagala.

Nimekuwa nikiwaza tangu hapo. Mwezi Mei 1992, Uingereza, watu zaidi ya 20,000 walikusanyika kwenye uwanda wa Castlemorton kupiga muziki wa namna hii, bure, mchana na usiku karibu wiki nzima. Wenyeji waliokuwa wakiishi pale hawakuulizwa na mtu. Miaka miwili baadaye bunge likapitisha sheria inayowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya usiku ya nje, na ikafika mpaka kueleza muziki wenyewe: ule wenye mapigo yanayojirudiarudia. Kwa kipimo hicho singeli ingefungwa maisha. Lakini sheria ile ilitaja pia bughudha kwa wakazi wa jirani. Vijana wale walisema hakuna aliyelipa kiingilio. Kumbe kuna aliyelipa, tena kwa usingizi wake.

Uganda mambo yalikuwa tofauti. Nyege Nyege ya Jinja, tamasha lililoanza 2015 kando ya Nile, si ya bure, lakini ndiyo iliyowapandisha jukwaani watoto wa studio ya Sisso kutoka Mburahati dunia ikajua singeli ni nini. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alitaka kuifuta, na 2022 bunge likajaribu tena. Mara zote mbili ikafanyika. Waliolitetea tamasha hawakuimba sifa za muziki. Walitaja hoteli, waendesha bodaboda na wauza chakula. Jirani anayefaidika huwa wakili mzuri.

Na vigodoro vyetu, zile ngoma za kukesha mtaani, kaka? Polisi walipovipiga marufuku tulisema wanawaonea maskini, kwa sababu matajiri wana kumbi zao. Bado nasema kulikuwa na ukweli ndani yake. Ila tulipofunga barabara nzima kwa turubai na spika nane, ni nyumba ngapi tulizozipitia jana yake? Tulikuwa na barua ya serikali ya mtaa, tukaona imetosha. Barua inamnyamazisha mjumbe, haimlazi mgonjwa.

Jambo la mwisho lilinigusa zaidi. Kutoka kambini taa za Goma unaziona wazi. Kule ndiko kulikozaliwa Amani Festival mwaka 2014, tamasha la watu waliochoshwa na vita. Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma, na makombora yaliangukia hata upande huu wa Rubavu, yakaua watu. Familia nyingi hapa zina ndugu ng'ambo. Msichana yule aliniambia waliahirisha wikiendi hii mara ya kwanza kwa sababu hiyo, bila mtu kuwaamuru. Kwetu jirani akiwa na msiba harusi husogezwa mbele, au hufungwa kimya kimya bila ngoma. Nilifurahi kukuta desturi hiyo kwa watu wenye muziki wa kompyuta. Walirudi tu baada ya wenyeji wenyewe kuwauliza mbona kimya.

Saa saba kamili muziki ulizimwa. Jumapili tuliokota kila kizibo, wenyeji wakauza maandazi na chai, na mwenye shamba akatuuliza tunarudi lini.

Basi kaka, nina ombi. Vijana hawa wanataka kuja Dar wapige pamoja nawe, bure, nje, mahali penye maji, nimewatajia Kigamboni. Wana nauli yao na muziki wao, wanachohitaji ni spika zako na mtu wa kutembea nyumba kwa nyumba wiki moja kabla. Spika najua huninyimi. Hilo la pili ndilo ninalotaka jibu lako: uko tayari kugonga milango, na kuzima saa saba hata kama umati unapiga kelele uongeze? Kama ndiyo, nijulishe ni mtaro upi huko umeziba, maana watakuja na viatu vya kazi.

Msalimie wifi na watoto.

Ni mimi mdogo wako.