Zipu ya Shaba: Miaka ya Msaka Kamera wa Voi

Kamera, katika lugha ya soko la mitumba nchini Kenya, si chombo cha kupigia picha. Ni nguo inayotoka kwanza kwenye belo: haina doa, haijachakaa, na mchuuzi huitenga na kuipiga pasi kabla nyingine hazijamwagwa. Zinazofuata huchaguliwa kwenye turubai kwa bei ya kawaida. Zile za mwisho, ambazo hakuna aliyezitazama mara mbili, huitwa fagia. Mwandishi wa tawasifu hii alilishwa na kamera mjini Voi tangu ujana hadi alipofunga kibanda, na neno analotaka kuliweka wazi ni kwamba kamera na mali ya thamani ni vitu viwili. Vitu bora alivyowahi kushika vilitoka kwenye fagia.

Utoto wake hauna mengi. Alizaliwa katika milima ya Taita, upande wa Wundanyi. Baba kibarua wa mkonge Mwatate, mama mkulima wa mboga. Sweta yake ya kwanza ya shule ilikuwa ya mtumba, imebanduliwa nembo ya shule ya ng'ambo, na alama ya nembo ilibaki kifuani mpaka sweta ikaisha. Darasa la nane lilipokwisha karo haikupatikana. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kenya ilikuwa inalegeza masharti yaliyokuwa yakilinda viwanda vyake vya nguo, na mabelo yakaanza kuteremshwa bandarini Mombasa kwa wingi. Kijana akashuka Voi kubeba mizigo ya wengine, kisha akaanza kuuza yake.

Voi ni mahali pazuri kwa kazi hii, na sababu zake ni umbali na hali ya hewa. Belo la nguo huwa na kilo 45 kwa kawaida, na kutoka Mombasa ni kilomita 150 hivi, kwa hiyo mzigo ulionunuliwa asubuhi hufunguliwa siku hiyohiyo. Lakini belo hufungwa na watu wa nchi za baridi, nalo halijui linakwenda wapi. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Anayetundika koti la sufu pale hutundika pambo. Kilele cha Vuria, katika milima ya Taita, kinafika mita 2,208, na kwenye ukungu wa huko koti hilohilo hugombaniwa. Taveta nako kuna soko la Jumatano na Jumamosi, na wanunuzi huvuka kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Holili. Mchuuzi aliyebaki Voi akisubiri wateja alilalamika kwamba belo limemchoma. Aliyepanda matatu hakuchomeka.

Aliyemfundisha kuona alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kitaita ambaye soko zima lilimwita mghosi, kama wazee wa huko wanavyoitwa kwa heshima. Hakuuza mitumba, aliirekebisha. Alikuwa na desturi moja ambayo wachuuzi waliicheka: hakutazama nguo upande wa nje. Aliipindua kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kwapa, akavuta bitana, akakunja pindo. Ndipo akaigeuza. Kwake sehemu ya nje ilikuwa maneno ya muuzaji, ndani ndiko kwenye ushahidi.

Alichofundisha kinaweza kuandikwa kwa mistari michache, ingawa kujifunza kulichukua miaka. Mshono mzuri una hatua fupi zilizolingana, na kitambaa cha akiba kimeachwa ndani ili nguo iweze kupanuliwa. Kiwanda kinachobania hakiachi akiba. Michoro ya mistari na mraba hukutana begani bila kuruka. Kwa kitambaa kisichojulikana, huchomolewa uzi mmoja kwenye akiba na kuunguzwa: sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe na kuacha majivu yanayosagika, polista huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Suruali ya jinzi hukunjwa mguu. Ikiwa ukingo wa mshono wa pembeni umefumwa pamoja na kitambaa chenyewe, mara nyingi kwa uzi mwekundu, badala ya kukatwa na kupigwa ovaloki, suruali hiyo haiendi kwenye turubai.

Mambo ya lebo mghosi hakuyajali, na hapo mwanafunzi alimpita baadaye, kwa msaada wa wanunuzi waliokuja kutoka Nairobi. Kijilebo chekundu cha Levi's kiliandikwa kwa herufi kubwa tupu hadi 1971, kisha herufi ya pili ikawa ndogo. Marekani ililazimisha maelezo ya kufua kwenye nguo kuanzia 1972, kwa hiyo nguo ya huko isiyo nayo inaweza kuwa ya zamani zaidi, au mtu aliyekuwa akiwashwa shingoni aliikata lebo. Sufu ya Harris Tweed hupigwa muhuri wa tufe lenye msalaba. Haya yote ni ya kweli na yameuza nguo nyingi. Hata hivyo lebo hushonwa kwa dakika mbili, na mghosi mwenyewe aliwahi kuombwa azishone.

Mgogoro wao mkubwa ulikuwa juu ya zipu. Kwenye fagia ya belo la magauni, mwandishi aliokota jaketi ya ngozi iliyofifia, zipu yake ya shaba imeganda, kishikio kimeandikwa Talon. Alimpelekea mghosi. Aliporudi jioni zipu ilikuwa imefumuliwa kwa wembe, nyingine mpya ya nailoni imeshonwa, na jaketi imeshauzwa kwa dereva wa lori aliyelala Voi, kwa bei nzuri kwa siku zile. Miaka ilipita kabla mwandishi hajajua kwamba Talon ilikuwa kampuni ya zipu ya Meadville, Pennsylvania, na kwamba wakusanyaji wa nguo kuukuu huanza kwa kutazama zipu kabla ya ngozi. Jaketi yenye zipu yake ya asili ni kitu kingine kabisa.

Aliporudi kumlaumu, mghosi hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Mwanangu, jaketi isiyofunga ni blanketi. Yule dereva alikuwa anakwenda Nairobi usiku."

Hoja hiyo haijawahi kujibiwa vizuri. Mwandishi bado anashikilia kwamba meno ya shaba yaliyoganda husuguliwa kwanza kwa mshumaa mkavu, juu na chini, kabla ya mtu kugusa wembe, na kwamba fundi aliyefumua bila kujaribu alikosea. Lakini wakusanyaji hawakuwa Voi jioni ile, na dereva alikuwepo.

Upande mwingine wa kazi ni wa kusikitisha. Kwa muda mwandishi alinunua mabelo kwa ubia na mchuuzi mwenzake, nusu kwa nusu. Faida ilipungua bila sababu. Siku moja belo lilipopimwa kwenye mizani ya duka la nafaka lilikuwa na kilo 41. Mikanda yake haikufanana, kitambaa cha nje kilikuwa na matundu ya sindano mahali pawili, nguo za juu zilikuwa safi na za chini matambara. Lilikuwa limefunguliwa usiku, kamera ikatolewa, likafungwa upya. Ubia uliishia kwenye mizani ile. Mwenzake alifanikiwa baadaye, ana vibanda vitatu, na wateja wake humwita mcha Mungu.

Vijana wa sasa huingia sokoni na simu. Huipiga picha lebo, husoma bei ya Marekani kwenye kioo, kisha hudai bei hiyo Voi, wasijue kitambaa wanachokishika kimefumwa kwa uzi gani. Ipindueni nguo! Simu haina kidole gumba. Na msidhani mabelo yatakuja daima: mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba, kabla Kenya haijajitoa kwenye mpango huo, na kuanzia Machi hadi Agosti 2020 serikali ilizuia uagizaji kwa sababu ya korona. Miezi ile vibanda viliuza fagia za zamani, na aliyejua kusoma ndani ya nguo ndiye aliyekula.

Mghosi alifariki baada ya hapo, akazikwa kwao mlimani. Familia ilimpa mwandishi mkebe wa Kimbo uliokuwa chini ya cherehani, umejaa vifungo, vishikio na lebo zilizokatwa. Chini kabisa ilikuwemo zipu ya shaba, imekunjwa kwa uangalifu ndani ya karatasi. Mwandishi aliisugua kwa mshumaa. Ilifunguka mara ya tatu.